Taa ya Risasi

Wanangu mnaosoma kemia, mnanipigia simu kila mitihani inapokaribia mkitaka niwafupishie somo la uchambuzi kwa mashine. "Mwalimu Salma, tupe yale muhimu tu." Kuna mmoja alinipigia nikiwa kwenye foleni ya samaki, akataka nimweleze kromatografia kabla zamu yangu haijafika. Basi nimekaa hapa kwangu Ganjoni nikaona bora niandike mara moja, mnisome, mniache nipumzike. Ila nawaonya mapema kwamba humu hamna kitu cha kuandika kwenye karatasi ya mtihani. Mna habari za wanja, na taa iliyozimika, na kwa nini nilistaafu na moyo mzito.

Nimefundisha somo hilo maisha yangu yote ya kazi, katika chuo kimoja hapa Kisiwani ambacho sitakitaja, maana wakubwa wake bado tunasalimiana. Kwa asiyelijua, ni hivi. Kemia ya zamani ilikuwa ya macho na pua. Unatia dawa kwenye kijibomba cha kioo, rangi ikigeuka unajua kitu fulani kimo. Mashine zilikuja kujibu swali jingine lililo gumu zaidi: kimo kiasi gani? Kuna mashine inayopitisha mwanga ndani ya maji ya rangi, kuna inayotenganisha mvuke ndani ya mrija mrefu, na kuna ile niliyoipenda mimi, ambayo tuliiita kwa mkato Atomiki. Unainyonyesha maji yako, inayapuliza ndani ya moto, kisha inaupitishia moto ule mwanga wa taa maalumu. Kila metali ina taa yake. Taa ya shaba huiona shaba tu, na taa ya zinki huiona zinki tu. Kama huna taa ya metali unayoitafuta, Atomiki inakuwa meza ya bei mbaya ya kuwekea vikombe vya chai.

Atomiki yetu sasa ni meza. Naambiwa mnapelekwa kuiona, mnasimama mbele yake mmevaa makoti meupe, mnapiga picha mnazituma kwa mama zenu. Mama zenu wanafurahi. Halafu mnarudi darasani mnapewa namba za miaka iliyopita, mnachora mstari kwa rula, na hilo linaitwa jaribio. Siwacheki. Nimewasahihisha wengi wa aina hiyo, na mistari yao ilikuwa imenyooka kuliko yoyote niliyopata kuiona ikitoka kwenye mashine ya kweli.

Mimi nilifundishwa na Mwalimu Mutua, Mkamba aliyeletwa pwani na kazi, akakaa hadi akaanza kusalimu watu "sabalkheri" kwa lafudhi ya Machakos. Alikuwa na maradhi ya jambo moja, nalo ni blanki. Blanki ni chupa isiyo na sampuli. Unaitia asidi ileile, maji yaleyale, kwa mikono ileile, ila huitii kile unachokipima. Ikipita kwenye mashine inatakiwa isome sufuri. Ikisoma kitu, basi kitu hicho umekileta wewe.

"Salma," angeniambia, "kwanza pima uchafu wako. Wa watu utaupima baadaye."

Siku moja tulikuwa tunapima sodiamu, ambayo ndiyo metali ya chumvi, na moto wa mashine ukawaka manjano tupu kila alipokaribia mwanafunzi mmoja. Tulibadilisha maji, tukabadilisha chupa, moto ukabaki manjano. Mwalimu Mutua akamwambia kijana anyooshe mkono, akaunusa. Ulikuwa umetoka ufukweni Mama Ngina moja kwa moja, unanuka embe bichi la chumvi na pilipili.

"Leo tunapima maji ya kisima," akamuuliza, "au tunapima embe?"

Tulicheka hadi kijana akataka kuacha kozi. Nawasimulia haya ili mjue kwamba wakati ule mtu aliweza kukosea. Mashine ilikuwa hai, ikakuumbua hadharani, ukanawa mikono, ukajaribu tena. Nyinyi hamna hata nafasi ya kukosea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, wala sioni nani wa kulirekebisha.

Na ile mashine haikufa kwa uzee tu. Hapa kwetu hewa ina chumvi, inakula kila kitu cha shaba. Niliifunika kwa kanga kuukuu mbili. Nilikusanya vile vifuko vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, nikavipanga nyuma yake, na kila vikishiba maji nikavikausha kwenye oveni. Majirani walidhani nina duka la viatu. Kama mtabahatika kupata mashine siku moja, fanyeni hivyo. Tena msiisome kabla taa haijapata joto na namba hazijatulia. Mwenye haraka akauze viazi karai, kazi ile ina faida ya papo hapo.

Mwanaisha alinijia katika miaka yangu ya mwisho chuoni. Alikuwa mwaka wa nne, mtoto wa Mji wa Kale, mpole wa sauti na mbishi wa kichwa. Wenzake walichagua miradi ya kupima chuma kwenye mchicha, kwa sababu mchicha umeshapimwa na dunia nzima na majibu yanajulikana. Yeye aliingia ofisini, akafungua pindo la leso, akatoa mkebe mdogo wa fedha.

"Mwalimu, nataka kupima uno wanja wa bibi."

"Wanja? Kwa nini?"

Akatazama mlango kwanza. "Mtoto wa dadangu. Nasri. Hasemi."

Akanieleza. Dadake, Fauzia, alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kuanza kusema maneno mawili matatu, "maji", "baba", "paka", kisha maneno yale yakapotea moja moja mpaka hakubaki na hata moja. Tumbo lilimsumbua, usiku halali. Daktari alipomtazama macho yaliyopakwa, akauliza kama mtoto hutiwa wanja kila siku. Akamwambia Fauzia aache, kwa kuwa baadhi ya wanja una risasi, ile metali yenye sumu, na mtoto akijisugua macho kisha akanyonya vidole, risasi ile huingia mwilini ikaharibu ubongo. Damu ilichukuliwa ipelekwe bara kupimwa, ikaharibika njiani. Fauzia hakukubali mtoto achomwe sindano tena.

"Basi si aache wanja tu?" nikauliza.

"Dada ameacha, mwalimu. Lakini yeye huenda kazini, mtoto hubaki na bibi. Akirudi jioni humkuta mtoto mato meusi." Akaufunga mkebe polepole. "Bibi asema hawezi kuacha suna kwa maneno ya daktari kijana. Asema mashine ikipima, tukamletea hesabu kamili, ataacha siku hiyohiyo. Amekula kiapo mbele ya dada."

Nilielewa. Hesabu moja tu, namba moja ya kweli, na mtoto hapakwi tena. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata mwanafunzi anayehitaji jibu. Wote walihitaji alama.

Hapa lazima nieleze neno, maana kisa chote kimelalia kwenye neno. Sisi wa pwani tunasema wanja wa manga, yaani ule uliotoka Uarabuni, jiwe jeusi la kumetameta linalosagwa kuwa unga. Wazee wetu wanaamini ndilo jiwe la ithmidi linalosifiwa katika dini, na ithmidi wengi wanasema ni antimoni, metali nyingine kabisa. Lakini lipo jiwe jingine jeusi, lenye kumetameta vilevile, likisagwa ni unga uleule kwa jicho, nalo ni la risasi. Muuza wanja hana njia ya kujua, wala hadanganyi. Mawe mawili yamevaa jina moja tangu zamani za mababu. Atomiki ingeweza kuyatenganisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na taa ya risasi tulikuwa nayo, nzee lakini inawaka.

Tukaanza na blanki, kama nilivyofundishwa. Blanki ikasoma risasi.

Nikasema ni asidi, tukafungua chupa mpya. Ikasoma risasi. Nikasema ni maji, tukayakeneka kwa mvuke upya mara mbili. Tukaroweka chupa zote kwenye asidi usiku kucha. Nikaishuku rangi ya zamani kwenye fremu za madirisha, tukafunga madirisha yote na kuzima feni, tukakaa humo tunavuja jasho na moto wa gesi ya asetilini unawaka mbele yetu. Bado. Namba yenyewe haikutulia, leo juu, kesho chini, na Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wakubwa wa idara wakaanza kuniambia kwa heshima kwamba mashine imezeeka na labda hata mwalimu wake.

Ikawa Ijumaa nyingine. Mwanaisha ameinama kwenye chupa, jasho linamtiririka, akajifuta jicho kwa kidole, kisha kwa kidole kilekile akafungua kifuniko cha blanki. Nikaona doa jeusi kwenye kifuniko.

"Mwanaisha. Umejipaka nini machoni?"

"Wanja, mwalimu, kama siku zote. Leo Ijumaa, nimeuzidisha tu."

"Wanja gani?"

Akakitazama kidole chake.

"Wa bibi," akasema.

Tulianza kucheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa nafuu, nikimsikia Mwalimu Mutua akiuliza tunapima embe au tunapima kisima. Halafu Mwanaisha akaacha kucheka, na mimi nikaacha. Chembe ya kujifuta jasho, kiasi ambacho jicho halikioni, ilikuwa imeichafua chupa nzima wiki baada ya wiki, na mtoto wa watu alikuwa akipakwa kila asubuhi kwa kijiti kizima. Alikwenda kunawa uso. Alikaa bafuni kwa muda, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na mepesi, sikuwahi kumwona hivyo. Tangu siku hiyo hakuupaka tena. Blanki yetu iliyofuata ilisoma sufuri, ikakaa hapohapo bila kutikisika, nikamkumbatia.

Tulipanga kupima wanja wenyewe Jumatatu.

Jumatatu nikafungua kanga, nikawasha gesi, nikawasha taa ya risasi. Iliwaka rangi ya waridi, ikapepesa, ikazima. Nikaitoa, nikasafisha vijiti vyake, nikairudisha. Nikaizungusha. Nikaisomea, ndiyo, mimi mwenye shahada mbili nilisoma Ayatul Kursi juu ya taa. Haikuwaka. Taa hizi hufa, ni desturi yake, ndiyo maana maabara yenye akili huweka ya akiba. Yetu ya akiba niliiomba tangu Mwalimu Mutua yu hai.

Msifikiri sikujaribu. Niliagiza, nikaambiwa muundo wa mashine yetu ni wa zamani, taa zake zitafutwe nje. Zilitafutwa nje, jibu halikurudi. Nikampelekea sampuli rafiki yangu katika chuo kimoja cha bara, akaniambia kwa aibu kwamba mashine yao inangoja fundi, na fundi mwenyewe anangoja vipuri. Maabara iliyokuwa ipokee damu ya Nasri ikajibu kwamba hupima damu tu, wanja haipokei. Katika kipindi hichohicho chuo chetu kilinunua runinga kubwa ya ukutani, tukaitumia kuwaonyesha wanafunzi video ya Atomiki ya nchi za watu ikifanya kazi. Ilikuwa video nzuri sana. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi hadi ikaisha.

Nikaamua kwenda kwa bibi mwenyewe, nikafuatana na Mwanaisha. Jina lake Bi Maryamu, anakaa Mji wa Kale katika nyumba ya mawe yenye ngazi za giza, na kwa ukarimu wake wallahi sina la kusema. Alinikalisha penye upepo, akaniletea kahawa na haluwa, akaniuliza habari za wazee wangu wote, walio hai na waliokwisha kufa. Nasri alikuwa sakafuni, mtoto mzuri, macho yake meusi kwa wanja kama ya bi harusi. Alikuwa anazungusha kifuniko cha sufuria. Nilimwita jina, hakugeuka.

"Bibi," nikasema, "wanja uno tunahofia una risasi."

"Risasi?" Akaweka kikombe chini. "Risasi ya bunduki?"

"Ndiyo hiyohiyo, bibi. Metali ile."

Akacheka, na wanawake wengine waliokuwapo wakacheka naye. "Mwanangu, mimi nimetiwa wanja tangu arubaini yangu ya kuzaliwa. Mamangu alitiwa, na mamake. Risasi gani hino isiyoua mtu mpaka azikwe na wajukuu?"

Nilikuwa nimekuja na kijibomba cha kioo, nimeshayeyusha chembe ya wanja ndani ya asidi. Mbele yake nikatonesha dawa ya iodidi, ikageuka manjano ya kuwaka. Hiyo ni njia ya zamani, inasema tu kwamba risasi imo. Wanawake wakasogea kutazama.

"Mashallah, rangi ya bizari," Bi Maryamu akasema. Akakishika kijibomba, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi. "Na imo kiasi gani?"

"Sijui, bibi."

"Chembe? Kijiko? Kibaba?"

"Sijui. Mpaka mashine."

"Nasikia mashine ilipima chupa isiyo na kitu, ikasema ina kitu." Akamtazama Mwanaisha, ambaye aliinamisha kichwa. "Mwanangu, mashine hino nani ataiamini?"

Nikajaribu kumweleza habari ya kidole na jasho. Nilijisikia nikieleza, na nikasikia jinsi inavyofanana na kisingizio. Nikamwambia pia kwamba sikuja kupinga suna, nimekuja kuuliza tu kama jiwe hili ndilo lile. Akanijibu kwa upole kwamba jiwe limetoka Makka, aliletewa na kakake aliporudi kuhiji, na aliyelinunua ni mtu wa swala tano.

"Mimi kiapo changu ki palepale," akasema. "Nileteeni hesabu. Nikiiona hesabu n'taacha. Mtoto huyu ndiye roho yangu, mwadhani nataka adhurike?"

Niliamini kila neno. Hilo ndilo lililonivunja. Laiti angekuwa mwanamke mjeuri ningeweza kumkasirikia. Swali alilouliza ndilo swali nililowafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, kiasi gani, na mimi mwalimu wa somo lenyewe nilikaa kwenye mkeka wake bila jibu.

Tulipotoka tukapita kwenye vichochoro. Karibu na barabara kubwa nikasimama. Nikamwambia Mwanaisha jambo ambalo sikudhani litatoka kinywani mwangu.

"Mpe namba."

"Namba gani, mwalimu?"

"Yoyote. Kubwa. Mwambie taa imekuja, tumepima. Hatajua."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Atanishikisha msahafu niape, mwalimu."

"Mungu ni mwenye kusamehe. Mtoto je?"

"Siwezi." Akaanza kulia, barabarani, tuktuk zinatupigia honi tusogee. "Wewe ulisema. Ulisema namba ambayo mashine haikuisoma si namba. Ulisema hata kama unaijua. Mimi siijui, mwalimu. Naihofia tu. N'tashikaje msahafu?"

Ni kweli nilisema. Nililisema kila mwaka, siku ya kwanza ya darasa, na kila mwaka nilitazama nyuso zenu nikijua linaingia huku linatokea kule. Kwa huyu mmoja lilikuwa limeingia likakaa. Sikujua nimshike mkono au nimtikise. Nikamsimamishia tuktuk, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Mradi wake ukageuzwa kuwa mapitio ya yaliyoandikwa na wengine. Mkuu wa idara, kijana mwema, alishauri tumpe namba za zamani ajaze, Mwanaisha akakataa na hizo pia. Aliandika vizuri, akapata alama nzuri, akahitimu. Katika cheti chake somo la uchambuzi kwa mashine lina A. Tangu ile blanki ya sufuri hakugusa mashine nyingine, na sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari ambako hawana hata kijibomba. Mimi nikastaafu. Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani, na walinipiga picha nimesimama mbele ya Atomiki, nikatabasamu.

Nyinyi mnaniuliza kama somo hili lina maana. Linayo. Najua lingefanya nini, nilikuwa karibu nalo kwa umbali wa taa moja. Lakini sitawadanganya kwamba mkisoma kwa bidii mambo yatakuwa sawa, kwa sababu nilimfundisha mmoja aliyesoma kwa bidii. Nikipita karibu na chuo navuka upande wa pili wa barabara.

Wiki chache zilizopita Fauzia alinialika. Amepata mtoto mwingine, wa kike, na ilikuwa arubaini yake. Nikavaa buibui, nikaenda. Nyumba ilijaa wanawake, udi umetanda hadi ngazini. Nasri amekuwa mkubwa, amefika umri wa shule na shule haikumpokea. Alikuwa amekaa pembeni, amejifunika masikio kwa viganja kwa ajili ya vigelegele. Nilimpelekea kaimati, akaipokea bila kunitazama.

Bi Maryamu amezeeka sana. Aliponiona alininyooshea mkono nikaubusu.

"Mwalimu, karibu. Hesabu yetu vipi? Ilipatikana?"

Aliuliza kwa nia safi. Nadhani alikuwa bado anaingoja.

"Haikupatikana, bibi. Taa haikuja."

"Basi. Alhamdulillahi kwa kila hali." Akaomba mkebe wake, akauweka pajani. Mtoto akaletwa, mdogo mno, amefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Bibi," nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Huyu mwacheni. Nawaombeni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, walau huyu."

Fauzia alikuwa anatazama sakafu. Mwanamke mmoja nisiyemjua akaniuliza kwa adabu kama nimeshapata chai, mwingine akanisogezea sahani, na mazungumzo yakaendelea upande wa dirisha. Bi Maryamu alichovya kijiti kwenye unga mweusi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka hadi unga ukamwagika kwenye kitambaa cha mtoto.

Mwanaisha akainuka upande wa pili wa chumba, akawapita wanawake, akaja. Nilidhani anakuja kukichukua kile kijiti. Alipiga magoti mbele ya bibi yake, akaingiza viganja vyake chini ya masikio ya mtoto, mmoja huku na mmoja huku, akakishika kichwa kisitikisike.

"Mkono wa bibi watetema, mwalimu," akaniambia bila kunitazama. "Asiposhikwa, kijiti kitamtoboa jito."

Bi Maryamu akasema bismillahi, akaanza na la kulia.